Kanisa Lililogeuka Gereza

Maneno husafiri kama watu, na yafikapo ugenini hubadili mavazi. Anayenunua leso katika Barabara ya Biashara, kisiwani Mombasa, huchagua rangi na kusoma jina lililoandikwa, pengine asijue kwamba neno lenyewe limetokana na Kireno, lenço, yaani kitambaa cha mkononi. Hata hivyo, ni nani leo atakayethubutu kusema kuwa leso si yetu?

Neno la pili lina kisa kizito zaidi. Gereza limetokana na igreja, yaani kanisa. Ndani ya ngome ya Wareno mlikuwa na kanisa. Jina la kanisa likaishika ngome. Na kwa kuwa ngomeni ndiko walikofungwa watu, jina likaishia kwenye kifungo. Kilwa Kisiwani, ngome kongwe ingali inaitwa Gereza. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilitumiwa na Waingereza kuwa gereza hadi mwaka 1958.

Nimelizuru kanisa hilo, au tuseme kilichosalia: misingi ya mawe katika ua wa ngome. Wageni wengi huipita wakikimbilia mizinga. Mimi husimama hapo, kwa sababu mawe yale yanatudai jambo.

Mwaka 1614 Sultani Hasan bin Ahmad aliuawa kwa njama za Wareno. Mwanawe mdogo, Yusuf, akapelekwa Goa, akabatizwa kwa jina la Dom Jerónimo, akalelewa na mapadri wa Shirika la Mtakatifu Agostino. Alirudi kutawala mwaka 1626. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia ngomeni, akamwua kapteni Mreno, kisha akaurudia Uislamu hadharani. Wakristo waliokataa kuiacha dini yao wakauawa. Hawakuwa Wareno peke yao. Walikuwamo pia Waafrika waliobatizwa.

Tangu hapo kisa hiki husimuliwa nusu nusu. Kwa baadhi yetu Yusuf ni shujaa aliyelipiza damu ya babake, na waliokufa hawatajwi. Kwa wengine waliokufa ni mashahidi wa imani, na damu ya Hasan haitajwi. Kila upande hushika kipande chake na kukiita historia.

Hapa lugha ina la kutufunza. Neno shahidi, tulilolipokea kutoka Kiarabu, lina maana mbili: aliyeona na kusema kweli, na aliyekufa kwa ajili ya dini yake. Mwislamu hulitumia, Mkatoliki naye hulitumia anapowataja Mashahidi wa Uganda. Hakuna aliyemnyang'anya mwenzake. Ikiwa neno moja limewatosha wote wawili, vipi ua mmoja wa ngome usitoshe kumbukumbu za wote wawili?

Wapo watakaosema kwamba kufukua mambo ya 1631 ni kutonesha kidonda. Sikubaliani nao. Kinachotonesha ni nusu ya kisa, kwa maana huacha upande mmoja na hatia yote na mwingine na haki yote. Mtoto wa Mombasa akiambiwa kisa kizima ataona kwamba dhuluma ilitangulia kisasi, na kwamba kisasi nacho kiliwakuta watu wasiohusika na dhuluma ile.

Kwa hiyo nawasihi walimu wa Kiswahili na wa historia: wapelekeni wanafunzi ngomeni, na msiwaishilize kwenye mizinga. Wasimamisheni mbele ya misingi ile, muwaeleze asili ya gereza, muwatajie Hasan aliyeuawa, Yusuf aliyelipiza, na Waafrika wenzetu waliokufa pamoja na wageni. Kisha wakirudi mjini kwa njia ya Nkrumah watalipita Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu, mahali ambapo ibada ingali hai, na hawatakuwa mbali na Barabara ya Biashara na leso zake.

Tuliweza kulipokea neno la mgeni na kulifanya vazi la mama zetu. Hatushindwi kuipokea historia yetu nzima.