Makao ya mstaafu visiwani

Huko Arizona, Marekani, mji wa Sun City ulifunguliwa mwaka 1960 kwa ajili ya wazee, nyumba zao zikizunguka viwanja vya gofu. Sisi wa Bukoba na Muleba hatuna sababu ya kuwaonea gere. Mstaafu wetu anacho kibanja chake cha migomba, na jirani wa kumjulia hali asubuhi.

Hata hivyo, makao ya uzeeni hayachaguliwi kwa mapenzi matupu. Mwenye kwao Bumbire, Goziba au Ikuza hana budi kujiuliza: nikiugua usiku, na ziwa limechafuka, nitamfikiaje daktari? Swali hilo lisingojee miaka 60. Liulizwe mshahara ungalipo.

Wala si swali lake peke yake. Serikali imekubali kwamba mzee asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Lakini matibabu hayo si ya bure iwapo nauli ya boti yamshinda.

Twawasihi viongozi: zahanati za visiwani zisikose dawa, wala wagonjwa wasikose boti iliyo salama. Hapo ndipo mzee atakaporudi kisiwani kwa hiari yake, si kwa kukosa pa kwenda.