Dhahabu ya Goldfinger na Macho ya Watazamaji



Tafakari ya wiki hii inahusu sinema. Najua wapo watakaoshangaa, lakini Kanisa halijawahi kuliona jambo hili kuwa dogo tangu Papa Pius XI alipoandika waraka wake juu ya sinema, Vigilanti Cura, mwaka 1936. Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao, katika hati ya Inter Mirifica ya tarehe 4 Desemba 1963, haukuwatwisha watengenezaji peke yao mzigo huu. Ulifundisha kwamba mtazamaji naye ana wajibu wa dhamiri wa kuchagua na kupima anachokitazama. Wajibu huo wa mtazamaji ndio ninaotaka kuujadili, maana naona hautimizwi.

Sinema yenyewe ni ya zamani. Inaitwa Goldfinger, ilitoka mwaka 1964, nayo ni ya tatu katika mfululizo wa James Bond, jasusi wa Uingereza mwenye namba 007 na leseni ya kuua. Iliongozwa na Guy Hamilton, na steringi wake ni Sean Connery, aliyefariki mwaka 2020. Nimeichagua kwa sababu mada yake ni dhahabu, nasi wa Matongo na Nyamongo yote tunaishi juu ya dhahabu. Kama kuna watu duniani wanaopaswa kuielewa sinema hii kuliko wengine, ni sisi.

Maoni ya watazamaji wake yamegawanyika katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni la wenye umri, wanaosema kwamba sinema zote za Bond zilizofuata ni makapi. Hao watakusimulia gari la Aston Martin lenye kiti cha kumrusha abiria juu, na Oddjob anayeua kwa kurusha kofia. Kundi la pili ni la vijana waliomjua Bond kwa sura ya Daniel Craig. Kwao sinema hii imepooza, mapigano yake ni ya kitoto, na mitambo yake inachekesha. Kundi la tatu huwakata kauli wote kwa maneno matatu: ni sinema tu.

Nayapinga makundi yote matatu, na sababu yangu ni moja. Yamebishana juu ya gari, kasi na mitambo, lakini hayakutazama kilichotendeka mbele ya macho yao.

Tuanze na swali jepesi: katika sinema hii, ni nani anayewaokoa watu? Kila mtazamaji atajibu kwamba ni Bond. Si kweli. Goldfinger amepanga kunyunyizia kambi ya Fort Knox, huko Kentucky, gesi ya sumu kutoka katika ndege, kisha kulipua bomu la nyuklia ndani ya hazina ya dhahabu ya Marekani. Anayeibadilisha gesi hiyo na kuwapasha habari wakuu wa Washington ni rubani mwanamke, aliyeigizwa na Honor Blackman. Anayelizima bomu ni fundi asiyetajwa hata jina, huku Bond akiwa amekwama mbele ya nyaya asizozielewa. Bond anamshinda Oddjob, hilo ni haki yake tulitambue. Lakini maelfu ya askari wako hai kwa sababu ya mwanamke mmoja, na umati unatoka ukimsifu mwanamume. Je, jambo hili ni geni kwetu? Ni mara ngapi katika kaya zetu za Mara mama hulima, huvuna, hulipa ada ya shule, na sifa ikaenda kwa mwenye mji?

La pili ni yule msichana, Jill Masterson, aliyepakwa dhahabu mwili mzima akafa. Picha yake kitandani ndiyo inayokumbukwa kuliko zote. Kwa miaka mingi watu walivumisha kwamba mwigizaji wake, Shirley Eaton, alikufa kweli kwa kuzibwa ngozi. Uvumi huo ni wa uongo. Binadamu hupumua kwa mapafu, na Shirley Eaton aliishi miongo mingi baada ya sinema hiyo. Ajabu ni kwamba watu walihangaikia kifo ambacho hakikutokea, wala hawakuuliza juu ya kile kinachosimuliwa. Jill alikufa kwa nini? Kwa sababu Bond alimtumia kumwaibisha Goldfinger katika mchezo wa karata, kisha akamlaza katika kitanda chake kama kombe la ushindi. Dada yake, Tilly, anakuja kulipa kisasi, naye anauawa. Mabinti wawili wa tumbo moja wamekwisha, na hadithi haitupi hata dakika moja ya kilio cha wazazi wao. Kwetu hapa msiba wa namna hiyo ungesimamisha kijiji kizima.

La tatu ndilo zito zaidi. Katika zizi la farasi, Bond anamkabili yule rubani. Mwanamke anakataa, anasukumana naye, anapigana naye, na mwanamume anamlaza chini kwa nguvu mpaka upinzani unakwisha. Baada ya hapo ndipo mwanamke anaanza kutenda mema. Fundisho lake ni kwamba nguvu za mwanamume zimemtengeneza mwanamke akawa mwema. Huo ni uongo mchafu, na ni uongo unaoaminika mitaani kwetu na nyakati nyingine hata mezani kwa wazee wanaomsikia binti akilia, wakasema atazoea.

Najua jibu litakalokuja: zamani zile watu hawakuyaona mambo hivyo, tusiwahukumu wa jana kwa sheria za leo. Nakubali kwamba Sheria yetu ya Makosa ya Kujamiiana ni ya mwaka 1998. Lakini je, mwanamke wa mwaka 1964 aliyesema hapana alikuwa na maana ya ndiyo? Amri za Mungu hazikuanza kutungwa mwaka 1998. Zaidi ya hayo, mimi simhukumu Guy Hamilton. Namuuliza wewe unayetazama leo, ukiwa na watoto pembeni yako, huku umenyamaza.

Nafika sasa kwenye dhahabu. Hapa nawapongeza waandishi wa sinema, maana walikuwa werevu kuliko kitabu cha Ian Fleming cha mwaka 1959. Kitabuni Goldfinger anataka kuiba dhahabu yenyewe. Katika sinema Bond anapiga hesabu na kumwonyesha kuwa haiwezekani: ni tani 10,500, watu 60 wangehitaji siku 12 kuipakia katika malori 200. Ndipo tunapogundua kwamba Goldfinger hataki kuichukua. Anataka kuitia mionzi isiguswe kwa miaka 58, ili ile aliyonayo yeye ipande bei. Hapo pana hekima chungu: thamani ya dhahabu ya mtu mmoja inakua kwa wengine kuikosa. Anayeishi karibu na ukuta wa mgodi hahitaji kufafanuliwa.

Katika mazungumzo hayo hayo Bond anamwambia kwamba ataua watu 60,000 bure. Goldfinger anajibu kuwa madereva wa Marekani huua idadi hiyo kila baada ya miaka miwili. Jibu hilo liliandikwa lichekeshe, na watu hucheka. Kisha mazungumzo yanarudi kwenye dhahabu, na macho yetu yanarudi pamoja nayo.

Ndugu zangu, sisi tunalijua jibu la Goldfinger kwa lugha yetu. Tarehe 16 Mei 2011 watu walivamia mgodi wa North Mara, polisi wakafyatua risasi, na watu wakafa. Hawakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Mwaka 2013 kesi ya baadhi ya wananchi ilifunguliwa London, na mwaka 2015 ikamalizwa nje ya mahakama. Sisemi kwamba kuvamia mgodi ni halali. Wizi ni wizi, na askari aliyepigwa jiwe naye ni mtoto wa mtu. Ninachokishutumu ni ile kauli nyepesi inayofuata kila kifo: si alikwenda kuiba? Kauli hiyo inamweka marehemu kwenye mizani upande mmoja na gunia la mawe upande wa pili, na inaona mawe ni mazito zaidi. Ni Goldfinger anayesema kwa kinywa chetu. Hali ni hiyo hiyo koo zinapopigana kwa ajili ya ng'ombe au mpaka: kila upande hutangaza wafu wa wenzao kama mabao.

Ndiyo maana nakataa kauli ya kwamba ni sinema tu. Sinema haimfanyi mtu kuwa muuaji. Anayesema hivyo anatia chumvi. Lakini saa mbili za kucheka vifo visivyo na majina ni mazoezi, na anayezoea kutohesabu wafu wa kuigiza hapati shida sana kutohesabu wafu wa jirani.

Sikatazi watu kutazama. Hata gazeti la Vatikano, L'Osservatore Romano, liliisifu sinema ya Skyfall mwaka 2012. Ninaagiza jambo dogo. Mara nyingine mtakapoketi katika kibanda umiza, au mbele ya runinga nyumbani, mhesabu waliokufa. Muulize kila mmoja aliitwa nani. Muulize ni nani hasa aliyefanya kazi, na ni nani aliyepewa sifa. Kisha mzungumze na watoto wenu kabla hawajalala.

Katika Goldfinger saa ya bomu inasimama ikionyesha 007, hazina inasalimika, na watazamaji wanashangilia. Jill na Tilly bado wamekufa.

Nawatakia Dominika njema. Tuombeane.