Mfugaji nyuki Mtwara asikimbilie dawa ya utitiri

UTITIRI wa nyuki aina ya varoa, ambao asili yake ni Asia, uligunduliwa Kenya na Tanzania mwaka 2009. Tangu hapo, swali la wafugaji wengi limekuwa ni dawa gani inunuliwe. Kwa mfugaji wa Mtwara, swali la kwanza lingekuwa kama dawa inahitajika.

Huko Ulaya na Marekani, kundi lisilotibiwa mara nyingi hufa ndani ya miaka miwili au mitatu. Wafugaji walianza na viuatilifu kama fluvalineti. Utitiri ukavizoea, na masalia yake yakabaki katika nta. Ndipo wengi wakageukia tiba za asili, zikiwemo thaimoli, asidi ya fomiki na asidi ya okzaliki.

Hali ya Afrika Mashariki ni tofauti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta varoa karibu Kenya nzima, isipokuwa kaskazini ya mbali, lakini makundi hayakuonekana kudhoofika kwa sababu yake. Nyuki wa Kiafrika husafishana, hutoa majana yaliyoshambuliwa, na hugawanyika au kuhama mara kwa mara, hivyo utitiri hukosa nafasi ya kuzaliana. Tiba ya asili iliyo bora tayari imo mzingani.

Mfugaji anayetundika mizinga kati ya mikorosho na mikoko ya maingilio ya Mto Ruvuma akitia humo dawa kali, hata ya mwarobaini, anaweza kupata hasara mara mbili: fedha ya dawa imekwenda, na nyuki waliosumbuliwa wamehama. Aidha, Umoja wa Ulaya, ambao Tanzania inaruhusiwa kuuuzia asali, hudai upimaji wa masalia ya kemikali. Asali isiyo na dawa ni mtaji.

Kinachofaa ni kundi lenye nguvu. Mzinga usivuje, masega makuukuu yaondolewe, na nyuki waachiwe asali ya kutosha baada ya mavuno. Kundi la namna hiyo hujilinda pia dhidi ya nondo wa nta na mende wa mzinga.

Hatari kubwa zaidi iko shambani. Mikorosho inapochanua, kati ya Juni na Septemba, ndipo wakulima hupulizia dawa za kuua wadudu. Nyuki hao hao ndio huchavusha korosho. Dawa ikipulizwa jioni, nyuki wakiwa wamerudi mzingani, mkulima na mfugaji wote hunufaika.

Hivyo basi, halmashauri na vyama vya ushirika viwakutanishe maafisa nyuki na maafisa ugani wa korosho kabla ya msimu, ili ratiba ya kupulizia ifahamike kijijini. Wafugaji nao wafundishwe kupima utitiri kwa kutikisa nyuki ndani ya chupa yenye sukari laini ya unga, ambayo huudondosha. Apimaye kwanza hanunui dawa asiyoihitaji.