Ugonjwa wa Miaka Hausomwi kwa Siku Moja

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Naam, lakini hata nywele hubadilika. Leo nataka kutoa maoni yangu juu ya ugonjwa mmoja wa akili unaobadilika kama majira, nao ni baipola. Naona kwamba sisi watu wa Kibera na Kawangware tunawahukumu vibaya wagonjwa hawa kwa sababu tunawatazama siku moja tu, ilhali ugonjwa wenyewe ni hadithi ya miaka.

Baipola ni ugonjwa unaompandisha mtu na kumshusha. Akipanda, hulala muda mfupi sana na hachoki, husema mbio mbio, hujiona mkubwa kuliko wote, na pesa humtoka kama maji. Hali hiyo ikidumu juma moja au zaidi, hiyo si furaha tena. Akishuka, huzuni nzito iitwayo sonona humkalia majuma mawili au hata miezi. Hana hamu ya chakula, masomo wala marafiki, na pengine hutamani kufa. Kisha huja kipindi ambapo yeye ni mzima kabisa kama wewe na mimi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka wa 2019 watu milioni 40 ulimwenguni walikuwa na ugonjwa huu. Kwa hivyo tusidhani ni laana ya mtaa wetu.

Jambo linalotuhusu sisi wanafunzi ni kwamba mara nyingi huanza katika umri wetu huu au miaka michache baada ya shule. Tumchukue kijana wa kubuni wa Laini Saba. Akiwa Kidato cha Pili anashuka. Haamki, hafanyi kazi ya ziada, anakaa nyuma ya darasa kama gunia. Walimu wanasema ni mvivu. Miaka miwili baadaye anapanda. Anauza jiko la mamake, anagawa pesa sokoni Toi, anatangaza kuwa matatu zote za nambari 8 ni zake. Sasa watu wanasema ni bangi, wengine wanasema amerogwa. Anatibiwa, anatulia, anapata kibarua. Watu wanasema, "Huyu amepona bwana!" naye anaacha dawa. Baadaye ugonjwa unarudi na sura nyingine, ana nguvu nyingi na huzuni nyingi kwa wakati mmoja, na hasira juu yake. Hali hiyo ya mchanganyiko ni hatari sana, kwa maana anayetaka kufa ana nguvu ya kutenda.

Jamani, huyo ni mtu mmoja na ugonjwa ni mmoja! Lakini amepewa majina manne: mvivu, mvuta bangi, aliyerogwa, aliyepona. Kwa nini? Kwa sababu mitaa yetu ni ya kupanga. Leo uko Gatwekera, kodi ikipanda unahamia Kawangware, mwakani uko kwingine. Jirani aliyeona kushuka hayupo wakati wa kupanda. Shule nayo imebadilishwa. Hakuna anayeunganisha vipande.

Hasara yake ni kubwa. Daktari akimwona mgonjwa siku ya huzuni tu, na asiambiwe habari za kupanda, anaweza kumpa dawa ya sonona peke yake. Dawa hiyo, ikitolewa bila ya kutuliza kupanda, inaweza kumrusha juu baadhi ya watu wenye baipola. Tena kwa wengine, vipindi visipotibiwa huja kwa kukaribiana zaidi kadiri miaka inavyopita.

Matibabu yapo. Mwaka wa 1949 daktari wa Australia, John Cade, aliandika kuwa lithiamu huwatuliza wagonjwa waliopanda. Ingali inatumika mpaka leo, mradi damu ipimwe mara kwa mara. Hapa kwetu Hospitali ya Mathari imekuwa ikiwatunza wagonjwa wa akili tangu 1910, ingawa sisi tumeligeuza jina lake kuwa tusi la kutaniana kwenye matatu. Hospitali ya Kenyatta pia, ambayo haiko mbali na Kibera, ina idara ya afya ya akili.

Najua wengine watasema dawa ya mambo haya ni maombi. Mimi sipingi maombi. Mwombee, lakini ameze dawa. Wengine watasema nauli na dawa ni pesa, na nyumbani unga umekwisha. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu mgonjwa akionekana mzima dawa huwa kitu cha kwanza kukatwa. Lakini mara nyingi anaonekana mzima kwa sababu ya dawa hizo hizo. Asiziache bila kumwuliza daktari.

Basi tufanye nini? Kwanza, familia isitupe daftari la kliniki hata ikihama mara kumi. Iandike humo lini alipanda, lini alishuka, na usingizi wake ulikuwaje, maana usingizi ukibadilika ghafla huweza kuwa dalili ya mapema. Pili, walimu wakiona mwanafunzi hodari amebadilika kwa majuma, waulize kabla ya kuadhibu. Tatu, sisi wanafunzi tuache kusema nati za fulani zimelegea. Si kila mwenye hasira au huzuni ana baipola, na sisi si madaktari. Kazi yetu ni kukumbuka tuliyoyaona na kumwambia mtu mzima, na mwenzetu akitaja kutaka kufa, tuseme siku hiyo hiyo.

Mkenya Sitawa Wafula amesema hadharani kuwa anaishi na kifafa na baipola, na ametetea wenzake kwa miaka. Angehukumiwa kwa siku yake mbaya moja, tungepoteza sauti hiyo. Wangapi tumewapoteza hivyo hapa mtaani?

Hujafa hujaumbika. Nawatakia masomo mema.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu