Sauti Pande Zote: Mashine Darasani Iseme Kiswahili

Wapo watakaoshangaa kumwona mwanaisimu akitia mguu katika uwanja wa mafundi wa kompyuta. Hata hivyo, sauti ni mali ya isimu kabla ya kuwa mali ya fundi, na mtaala wetu wa Kiswahili umeipa stadi ya kusikiliza na kuzungumza nafasi yake.

Hebu tuitazame Lafey, katika kaunti ya Mandera, karibu na mpaka wa Somalia. Mtoto wa huko aghalabu hulelewa kwa Kisomali. Kiswahili hukikuta shuleni, kinywani mwa mwalimu. Na mwalimu huyo amekuwa adimu. Baada ya watu 28 kuuawa katika shambulio la basi karibu na mji wa Mandera, Novemba 2014, walimu wengi wasio wenyeji waliihama kaskazini mashariki. Mwaka 2020, walimu watatu walipouawa Kamuthe, Garissa, Tume ya Kuwaajiri Walimu iliwahamisha wengine. Kinywa kikiondoka, sikio la mwanafunzi litalishwa nini?

Jibu moja, japo si dawa ya yote, ni kompyuta kuukuu yenye kadi ya sauti ya njia sita: spika mbili za mbele, mbili za nyuma, moja ya katikati na moja ya besi. Wengi huihesabu sauti hii ya pande zote kuwa anasa ya sinema. Darasani mambo ni mengine. Mazungumzo yakirekodiwa kwa njia hizo, muuzaji akanadi mbele kushoto na mnunuzi akajibu nyuma kulia, mwanafunzi hujizoeza kumfuata msemaji asiyemwona.

Kadi hiyo ni bubu pasipo programu endeshi, yaani ile inayoifasiria amri za kompyuta. Endapo programu hiyo ni siri ya kiwanda, siku kiwanda kitakapochoka kuihudumia, kadi nzima hugeuka taka. Wahenga walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri makalio. Programu huria haina siri hiyo. Mradi wa ALSA, ulioanzishwa mwaka 1998 na Jaroslav Kysela wa Ucheki, ulikuwa ndio njia kuu ya sauti katika Linux toleo la 2.6, Desemba 2003, na kadi nyingi za zamani zingali zikihudumiwa humo.

Sikatai kwamba usumbufu upo. Mara nyingi spika za mbele hulia huku za nyuma zikinyamaza. Huenda kadi haina kosa: ama njia za nyuma zimezimwa katika programu ya alsamixer, ama kompyuta haikuagizwa itoe njia sita badala ya mbili. Ipo programu ndogo, speaker-test, ambayo ikiagizwa huipima kila spika kwa zamu na kutamka mahali ilipo.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Programu hiyo hutamka kwa Kiingereza. Lakini maneno yenyewe ni mafaili ya sauti ya kawaida tu, nasi tuna ruhusa ya kuyabadilisha. Mbona wanafunzi wa Lafey wasijirekodi wakisema "mbele kushoto", "nyuma kulia", kisha "bidix" na "midig" kwa Kisomali? Kazi hiyo ingekuwa somo kamili la maneno ya mahali, na mashine ingesema kwa vinywa vyao.

Tumewahi kuthubutu. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Huo ulishughulikia maandishi. Sauti tumeiacha nyuma.

Nitaambiwa kwamba shule hizo zinahitaji usalama na walimu kabla ya spika. Ni kweli tupu, wala spika haiwezi kuwa mwalimu. Lakini mwalimu mmoja aliyebaki na madarasa matatu anastahili msaidizi. Basi vyuo vya ualimu vifundishe ufundi huu, na wanafunzi wetu wa isimu na wa kompyuta waketi pamoja, wauandikie mwongozo kwa Kiswahili sanifu.