Gimbali iliyotumika: unanunua kifaa, au unanunua neno la muuzaji?

Mavuno yakishaingia ndani, harusi huanza. Katika vijiji vingi vya Tanzania, miezi ya Juni hadi Septemba ndiyo miezi ya sendofu, ngoma na maturubai, na ndiyo miezi ambayo kijana mwenye kamera hupata kazi. Ndiyo pia miezi ambayo simu yake hujaa matangazo kutoka kwenye makundi ya wapiga video: gimbali inauzwa, safi kabisa, haijatumika sana, bei maelewano.

Matangazo haya ni mengi, na bei mara nyingi ni ndogo kuliko mtu alivyotarajia. Kwa kijana aliyeweka akiba ya mpunga au aliyekopa kwenye kikoba, inaonekana ni bahati. Makala haya yanaeleza kwa nini vifaa hivi vinauzwa kwa wingi, kwa nini bei yake inashuka, na mambo ya kuangalia kabla pesa haijatoka kwenye simu.

Kifaa hiki hufanya nini?

Mtazame mama anayetoka kisimani na ndoo kichwani. Anapanda kilima, anakwepa mawe, na maji hayamwagiki. Magoti, kiuno na shingo yake vinameza mtikisiko wa kila hatua kabla haujafika kwenye ndoo. Mkono wa mpiga video hauna uwezo huo. Akimfuata bibi harusi huku ameshika kamera, kila hatua yake inaonekana kwenye picha.

Gimbali hufanya kazi ya shingo ile. Ina mota tatu ndogo: moja huzuia kamera isilale kushoto au kulia, ya pili huzuia isiiname au kuinuka, na ya tatu huongoza kugeuka. Ndani yake kuna sensa inayohisi mkono ulivyoyumba, na papo hapo mota huisukuma kamera upande wa pili.

Kabla ya mota hizi kulikuwa na Steadicam, kifaa kilichobuniwa na Mmarekani Garrett Brown katika miaka ya 1970. Kilitumika kwenye filamu za Bound for Glory na Rocky, zote za mwaka 1976. Mpiga picha huvaa fulana ngumu, kwenye fulana kuna mkono wenye springi, na mwisho wa mkono kuna nguzo yenye kamera juu na uzito chini. Kazi kubwa ya kutuliza picha hufanywa na springi na uzito, wala si na kompyuta. Ndiyo maana Steadicam ya zamani bado inaweza kuuzwa na kununuliwa kati ya wapiga picha wa filamu: kilichochakaa kinaonekana kwa macho, na fundi anaweza kukibadilisha.

Gimbali ni kitu cha aina nyingine. Roho yake ni sensa, mota, betri na programu. Inaweza kung'aa kama mpya huku ndani imekufa nusu.

Kwa nini bei inashuka

Mwaka 2013 kampuni ya Freefly ya Marekani ilitangaza gimbali iitwayo MōVI M10 kwa bei ya karibu dola 15,000. Mwaka uliofuata kampuni ya DJI ya China ikaleta Ronin kwa karibu dola 3,000. Mwaka 2018 DJI hiyohiyo ikatoa Ronin-S, inayoshikwa kwa mkono mmoja na kubeba hadi kilo 3.6, kwa dola 699. Vifaa hivi havikuwa sawa kwa kila kitu, lakini kwa mtu wa harusi kazi yake ilikuwa ileile. Ndani ya miaka mitano, bei ya kuanzia ilishuka zaidi ya mara ishirini.

Pigo la pili lilitoka kwenye kamera zenyewe. Mwishoni mwa 2014 Sony ilitoa A7 II, kamera ambayo kitambuzi chake cha picha huchezacheza ndani ili kupunguza mtikisiko. Mwaka 2018 GoPro HERO7 Black ilionyesha kwamba programu peke yake inaweza kulainisha video ya mtu anayekimbia. Mwaka 2022 simu ya iPhone 14 ikaja na uwezo wa namna hiyo ndani ya simu. Gimbali bado hushinda usiku, na pale mpiga video anapotaka mwendo mrefu wa taratibu. Lakini mchana, kwenye ua wa nyumba, pengo limepungua sana.

Kwa hiyo gimbali haizeeki kama jembe. Jembe la mwaka juzi bado linalima, na jirani atalinunua kwa sababu analima pia. Gimbali huzeeka kama simu: hata ikikaa kabatini bila kuguswa, thamani yake inaondoka kila kinapotoka kifaa kipya.

Nani anauza, na anajua nini

Wauzaji wako wa aina nne. Wa kwanza anapanda ngazi: amenunua kubwa zaidi na anataka kurudisha sehemu ya pesa. Wa pili anaacha kazi. Wa tatu ameona kasoro, kwa mfano mota inayopata moto au kamera inayolala upande baada ya dakika kumi, na anataka kuiondoa mapema. Wa nne anauza kisicho chake.

Tatizo ni kwamba kwenye tangazo wote wanne wanafanana. Mchumi wa Marekani, George Akerlof, aliliandika jambo hili mwaka 1970 kwa mfano wa magari yaliyotumika, na mwaka 2001 alikuwa mmoja wa waliopata Tuzo ya Nobel ya uchumi. Hoja yake ni rahisi. Kama muuzaji anajua ubovu na mnunuzi hajui, mnunuzi atatoa bei ya wasiwasi. Bei hiyo inamuudhi mwenye kifaa kizuri, naye anaondoka sokoni. Wanaobaki ni wenye vibovu.

Dawa ya tatizo hilo ni kukutana tena. Wapiga video wa mkoa mmoja huazimana lenzi, hupeana kazi, husaidiana harusi zikigongana siku moja. Anayemuuzia mwenzake kifaa kibovu atakosa kazi kumi kwa ajili ya pesa ya kifaa kimoja. Ndiyo sababu gimbali inayouzwa na mtu wa kazi anayejulikana inaweza kuwa ghali kidogo kuliko ya mgeni wa kwenye mtandao, na bado ikawa rahisi.

Hatari ya kifaa cha wizi

Wengi wetu tunakumbuka Juni 2016, wakati Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilipozima simu bandia. Iliwezekana kwa sababu kila simu ina namba ya IMEI inayosomeka kwenye mtandao, ile unayoiona ukibonyeza *#06#.

Gimbali haina kitu hicho. Haina laini na haiingii kwenye mnara wowote. Ina namba ya utambulisho iliyobandikwa au kuchapwa na kiwanda, lakini namba hiyo humsaidia tu mwenye kifaa aliyeiandika mahali. Mlinzi wako mkubwa hapa ni karatasi. Sheria ya Tanzania inamtia hatiani anayepokea mali huku akijua ni ya wizi, na hata asiyejua anaweza kunyang'anywa kifaa mwenyewe akijitokeza na risiti.

Kwa hiyo omba kuona risiti ya kwanza, hata picha yake. Angalia kama namba iliyo kwenye kifaa inafanana na ya kwenye boksi. Andikeni mauziano yenye majina, tarehe, bei na namba ya kifaa, mbele ya shahidi; ofisi ya kijiji au ya mtaa inatosha. Ukilipa kwa simu, usifute ujumbe wa muamala.

Dakika thelathini za kujaribu

Nenda na kamera yako na lenzi unayotumia. Usikubali kujaribu kwa kamera ya muuzaji, kwa sababu yako inaweza kuwa nzito zaidi.

Kwanza funga kamera, sawazisha, na usiwashe. Ikisawazishwa vizuri, kamera hukaa popote unapoiacha. Ikishindikana kusawazisha, huenda kamera yako ni kubwa mno kwa kifaa hicho, au kuna kipande kimepinda.

Pili, washa. Sikiliza. Mlio wa kukoroma au mtetemo usioisha ni dalili ya mota au mpangilio wenye shida. Tembea, panda ngazi, kisha iweke wima kwa dakika tano na utazame kama picha inaanza kulala taratibu upande mmoja.

Tatu, betri. Katika modeli nyingi betri imo ndani ya mpini, kwa hiyo betri ikifa, mpini mzima unabadilishwa. Iache iwake nusu saa na uone kiasi kilichoshuka. Jaribu pia kuchaji. Betri iliyovimba usiichukue kwa bei yoyote, maana inaweza kuwaka moto.

Nne, vipande vidogo. Bati la kufungia kamera hutofautiana kwa modeli, na likikosekana kifaa hakina kazi. Hakikisha pia programu ya kifaa inafunguka kwenye simu yako, na kama kimeunganishwa na akaunti ya muuzaji, akiondoe mbele yako.

Kama kifaa kiko Dar es Salaam au Mwanza na wewe uko mbali, usitume pesa ukisubiri mzigo kwa basi. Mtafute mpiga video wa mji huo unayemwamini, akijaribu yeye, na ulipe kikiwa mkononi mwake. Mpe chochote kwa muda wake.

Hesabu ya kununua na kukodi

Hebu tuweke mfano wa kujifunzia, si bei ya soko. Tuseme gimbali inauzwa shilingi 500,000, na kwa kuwa nayo unaongeza shilingi 50,000 kwenye kila harusi. Kukodi ni shilingi 30,000 kwa siku.

Ukipata harusi nane kwa msimu na kununua, unaingiza 400,000. Ukiiuza msimu ukiisha kwa 350,000, hasara ya kifaa ni 150,000, na faida yako ni 250,000. Ukikodi, kila harusi inakuachia 20,000, jumla 160,000. Kununua kumeshinda.

Lakini gimbali ikifa mwishoni mwa msimu, au asipatikane wa kuinunua, ule mkononi wenye 250,000 unageuka kuwa deni la 100,000. Na ukipata harusi nne tu, hata ukiiuza vizuri unabaki na 50,000, wakati aliyekodi ana 80,000.

Tofauti yote imekaa kwenye maswali mawili: una kazi ngapi zilizokwisha lipiwa kianzio, na kifaa hiki utaweza kumuuzia mwingine? Swali la pili ndilo ambalo vijana wengi hulisahau. Siku ya kununua, wewe ni mnunuzi. Mwaka kesho wewe ndiye utakayeandika tangazo, na mtu mwingine atakuuliza risiti iko wapi, boksi liko wapi, betri inakaa muda gani.

Kwa hiyo anayeanza kazi akodi msimu mmoja, au wawili wenye kamera zinazolingana wachangie kimoja kwa maandishi. Mwenye kazi za uhakika anunue, tena kwa mtu atakayekutana naye tena. Atunze karatasi tangu siku ya kwanza, kwa sababu pesa ya mwisho ya kifaa hiki itatoka kwenye karatasi hizo na kwenye jina lake mwenyewe.