Presha ya mkono iko sawa, ya mapafu je?

Ukiingia kliniki yoyote Likoni, Kisauni au Changamwe, kitu cha kwanza ni kufungwa mkono upimwe presha. Ikisoma 120 kwa 80 unaambiwa uko fiti, unarudi zako nyumbani. Lakini kijana mwenzetu, shika hili: kipimo hicho hakijui lolote kuhusu presha iliyo ndani ya mapafu yako.

Moyo ni pampu mbili zilizoshikana. Ya kushoto husukuma damu mwili mzima. Ya kulia huisukuma kwenye mapafu tu, tena kwa nguvu ndogo. Mtu mzima akiwa amepumzika, wastani wa presha katika mshipa mkuu wa mapafu huwa kama milimita 14 za zebaki. Ikipita 20, madaktari siku hizi huhesabu kuwa ni presha ya mapafu. Hapo pampu ya kulia inafanya kazi ya punda, na mwishowe inachoka.

Dalili zake ndizo zinazotuponza. Pumzi inakatika ukipanda mwinuko wa kutoka kwenye feri. Kizunguzungu, kuzimia, miguu kuvimba. Mtoto anatokwa jasho akinyonya, haongezi uzito, midomo inageuka buluu. Mtaani utaambiwa ni pumu, ni uvivu, ama ni jini. Na kwa msichana mwenye ugonjwa huu bila kujua, kushika mimba kunaweza kumuua.

Cha kumulika ukweli kwanza ni altrasaundi ya moyo, ile wengi huiita eko. Haina kisu wala miale, na mtoto anaweza kupimwa akiwa amepakatwa na mamake. Ushawahi kusimama kando ya barabara matatu ikapita ikipiga honi? Ikija, sauti iko juu, ikishapita, inashuka. Kanuni hiyo ilielezwa na Christian Doppler wa Austria mwaka wa 1842. Mashine hutuma sauti tusiyoisikia, chembe za damu zinairudisha, na tofauti yake inaonyesha damu inakimbilia wapi na kwa kasi gani. Kwenye skrini, nyekundu ni damu inayokuja kwenye kifaa, buluu ni inayokwenda mbali nacho. Si damu safi na damu chafu, kama wengi wanavyodhani.

Vali ya upande wa kulia ikivuja kidogo, kasi ya damu inayorudi nyuma humpa daktari makadirio ya presha. Zidisha kasi kwa kasi, kisha mara 4. Mita 2 kwa sekunde ni 16. Mita 4 ni 64. Naam, ni hesabu ile ile uliyoikimbia darasani. Uhakika hupatikana kwa kupitisha mpira mwembamba kwenye mshipa hadi moyoni, jambo ambalo Werner Forssmann, daktari Mjerumani, alijifanyia mwenyewe mwaka wa 1929. Siku hizi kuna hata mashine za MRI zinazoonyesha damu ikizunguka kama maji ya mkondo. Lakini tusiote ya mbali kabla ya kupata eko.

Kwa nini haraka? Chukua mtoto mwenye tundu moyoni. Damu nyingi kupita kiasi inafurika kwenye mapafu, mishipa inakuwa migumu. Ikiachwa miaka, damu hugeuza njia, na kuziba tundu wakati huo kunaweza kuleta madhara zaidi. Tundu ni lile lile. Kilichobadilika ni siku tulizopoteza.

Kwa watu wazima nako, utafiti wa PAPUCO ulioangalia wagonjwa 220 Cameroon, Msumbiji, Nigeria na Afrika Kusini, wakiwemo watoto 11, ulikuta kuwa karibu saba kati ya kila wakubwa kumi chanzo kilikuwa ugonjwa wa upande wa kushoto wa moyo. Huko mna presha ya kawaida isiyotibiwa, na vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, ambayo huanza na maambukizi ya koo tu. Mengi ya haya yanazuilika ama yanatibika yakijulikana mapema.

Sasa tazama ramani. Hospitali ya rufaa ya Coast General iko kisiwani. Mama wa Likoni avuke feri, wa Kisauni apite daraja la Nyali, wa Changamwe apite Makupa. Na mtoto mgongoni anahema. Ukiambiwa njoo wiki ijayo, ni nauli nyingine na kibarua kingine kimepotea.

Tunachodai ni kidogo: siku maalum ya eko kila wiki katika kila upande wa ng'ambo, na bei ibandikwe mlangoni. Atatokea wa kusema pesa hakuna, kuna malaria na maji kwanza. Ni kweli mahitaji ni mengi. Ila mashine ya kubebeka inaweza kuzunguka pande zote tatu. Kikubwa ni kumfunza mtu wa kuitumia na kumlipa. Na kumtibu aliyechelewa ni ghali zaidi.

Afya ni kazi ya kaunti, na Katiba inakupa nafasi ya kusema kuhusu pesa zake. Mpango wa fedha wa kaunti hufikishwa bungeni kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kabla ya tarehe hizo huitwa vikao vya umma, na mara nyingi vijana hatuonekani. Nenda. Muulize MCA wako: eko itapimwa wapi, siku gani, na nani?

Na kama pumzi inakukatika bila sababu, usingoje bajeti. Muulize daktari waziwazi: je, moyo wangu unahitaji kupigwa eko?